Nusu ya Nyamwiza

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mwalimu wetu hapa mjini Baraka aliandika namba ubaoni: 834 443. Akauliza, mbali na moja na yenyewe, kuna namba inayoigawa hii kisibaki kitu? Kengele ikalia kabla hatujajibu. Wenzetu wakakimbilia mpira. Mimi na rafiki yangu Nyamwiza, binti wa wafugaji wa milimani, tukabaki tunaikodolea macho. Eh, ilitukaa kichwani ile namba!

Mbili haiingii, tano haiingii. Hilo unaliona kwa ile tatu ya mwisho. Kupita elfu moja pia hakuna haja, maana elfu mara elfu tayari inaizidi; kama kuna namba kubwa inayoigawa, lazima inakuja na mwenzake mdogo. Ukimpata mdogo, umewapata wote wawili. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu njia nzima. Basi tukagawana kazi: namba zinazoishia na moja na tatu zikawa zangu, za saba na tisa zake.

Kisha vita, watu wa milimani na sisi wa ziwani. Wao wakapanda milimani, sisi tukavuka ziwa kwenda ukimbizini, hata kuagana hatukuagana.

Mimi niliendelea. Nilipiga hesabu kwa makaa ukutani jikoni, nikaandika mchangani nikingoja mitumbwi ya ndagala, vile vidagaa vya ziwani, mpaka nikamaliza zangu zote. Hakuna iliyoingia. Tuliporudi nyumbani nikamwulizia Nyamwiza kwa kila aliyeshuka na ng'ombe. Ndugu zangu wakakasirika. "Bale bantu ya mulima, ubaache!" Sikuwaacha, mimi mbishi tangu tumboni.

Juzi ulipotaka simu yako itupe jibu, nilikupokonya, ukanuna. Sasa sikiliza. Ile nusu ya Nyamwiza ningeweza kuijaribu mwenyewe miaka yote hii. Niliogopa. Kuigusa ingekuwa kukubali kwamba amekufa.

Jana sokoni, mama mmoja mwenye mvi, muuza jibini, akanishika mkono.

"We Sifa! Ile namba, ulimaliza?"

Alikuwa Nyamwiza. Nikamwambia, "Nilimaliza. Hakuna yenye inaingia. Ile haigawanyike."

"Inagawanyika! Mia nane makumi mbili na saba, mara elfu moja na tisa. Niliipata zamani, nikiwa musichana. Sikukuwa na muntu ya kuambia."

Tulilia pale pale, wateja wakitushangaa. Halafu, unanijua, nikaomba kipande cha katoni nihakikishe. Ilikuwa kweli. Kesho anakuja kwetu na namba ndefu zaidi, na hiyo simu yako utaizima.

Mwanangu, ukishatafuta upande wako ukakosa, usiseme hakuna. Mwulize aliyetafuta upande ule mwingine, hata kama watu wako wanakukataza. Na ukiwa na jibu, mtafute uliyeuliza naye. Mungu akujalie umri mrefu, akupe mtu wa kugawana naye swali gumu, na mkipotezana, amlinde huko aliko mpaka akushike mkono.