Shubiri Moja Tu

Siku niliyomnyang'anya nyapara ufito wake naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa umezaliwa na mwanangu. Usinisahihishe, nina hasira ya zamani ambayo sijaimaliza.

Jua lilikuwa limeshapita utosi. Mama yako, Zaina, kitoto cha miezi minne wakati huo, amelazwa chini ya kanga niliyoitundika kwenye vijiti pembeni mwa ngwe, analia njaa. Maziwa yananichuruzika mpaka gauni limelowa. Desturi ya lile shamba la mkonge ilikuwa moja: unapimiwa ngwe yako ya palizi, fito kumi kwa fito kumi, ukiimaliza siku ni yako. Usipoimaliza, hutoki hata mtoto akikauka. Mwezi mmoja nyuma, saa kama ile ningekuwa nimeshamnyonyesha na nimejinyoosha kitandani. Sasa ngwe ilikuwa haiishi.

Nikamwita nyapara, Mbwana, mtu mwenye kofia kubwa kuliko cheo chake.

"Shemeji Mbwana, ufito huu mmeurefusha?"

"Shubiri moja tu, mama Zaina. Shubiri moja! Mtoto hafi kwa shubiri."

Wakata mkonge wawili waliokuwa karibu wakacheka. Hapo ndipo subira iliponikatikia. Niliuvuta ule ufito mkononi mwake, nikamwambia, "Lala chini nikupime na wewe, tuone umezidi wapi!" Wanawake wa ngwe za jirani wakapiga vigelegele mpaka ndege wakaruka.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na sikuwa mjinga. Nilisoma hadi kidato cha pili, nikakatishwa na ndoa. Mume wangu alilisha majani ya mkonge kwenye korona, ile mashine ya kusaga katani, na mimi nikaenda ofisini kuomba kazi ya karani. Karani mwanamke hawakumtaka, wakanipa jembe. Basi nikawa manamba kama wenzangu. Neno hilo, mwanangu, limetoka kwenye namba. Mtu ametoka kwao Songea au Burundi ana jina la babu yake, akifika Korogwe anaitwa kwa tarakimu. Shika hilo, nitalirudia.

Na dunia niliijua. Kulikuwa na mwenye duka mmoja wa Kihindi Korogwe ya Zamani, akifungia sukari kwa magazeti. Mimi nikimaliza sukari nasoma karatasi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza siasa za mataifa: vipande vipande, na sisimizi wa sukari ndio wa kwanza kusoma. Nilijua nani kajitawala, nani bado anapigwa risasi kwa kuomba ardhi yake, na nani anakaa London akipanga bei ya kitu ambacho hajawahi kuchomwa na mwiba wake. Nilijua kwamba vita vya huko Asia vilipowaka, katani ilipanda bei; vilipozimika, ikaanguka. Ilipopanda, ufito haukufupishwa hata ukucha. Ilipoanguka, wakaurefusha. Watu wanasitisha vita upande ule wa dunia, na mama yako ananyimwa ziwa Korogwe! Nilipoziona kamba hizo zinavyoungana, nywele zilinisimama. Bado zinanisimama.

Basi jioni ile ile nikaandika malalamiko. Kurasa sita! Beberu nilimtia ukurasa wa kwanza na hakutoka mpaka wa sita. India imo, Uchina imo, Amerika ya Kusini nayo nikaiburuta. Siku ya mapumziko nikawakusanya wanawake wa kambi yetu nikawasomea, sauti juu, mkono hewani.

Nilipomaliza, Bi Mwanahawa akakohoa. Huyu alikuwa mama mtu mzima, Mzigua wa Sindeni, mkubwa wetu kwenye palizi. Hakujua kusoma hata jina lake.

"Shikamoo yako niliipokea asubuhi, kwa hiyo usinichukie," akasema. "Mwanangu, umeitaja dunia nzima. Ufito hukuutaja."

Wote wakaangua kicheko. Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze na kurasa zangu. Maana ilikuwa kweli: nilimkasirikia beberu wa ng'ambo mpaka nikamsahau aliye mkononi mwa Mbwana.

"Haya Bibi, ufito nitautajaje?" nikauliza kwa kununa. "Wa zamani wameutupa."

"Wameutupa, nimeuokota. Unaegemeza mgomba wangu."

Tulikimbia, mwanangu! Tulikimbia kama tunafukuzwa na nyuki. Tukaung'oa ufito, mgomba ukaanguka na mkungu wake, tukala ndizi mbichi wiki nzima. Nikaupima kwa mkono wangu: shubiri kumi kamili. Mpya, ule wa Mbwana, nilikuwa nimeshaupima siku ya ugomvi: kumi na moja. Nikachuchumaa, nikaandika mchangani kwa kidole. Ngwe ina pande mbili. Kumi kwa kumi, mia. Kumi na moja kwa kumi na moja... nikahesabu mara tatu, nikidhani nimekosea. Mia na ishirini na moja!

"Bibi! Si shubiri moja! Wameongeza upande huu na upande ule, na vidogo viwili vimezaana! Siku tano tunapalilia kazi ya siku sita na chembe juu!"

Bi Mwanahawa alitazama mchanga, akanitazama. "Kumbe ndiyo maana mgongo wangu unajua Jumamosi imekuja mapema," akasema. "Shubiri kipimo, shubiri dawa chungu. Wao walituambia ya kwanza, wakatunywesha ya pili."

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo kazi yako inapoingia. Juzi ulinionyesha zile amri unazoiandikia kompyuta: fanya hivi, ikiwa hivi nenda pale, vinginevyo rudia. Ukanieleza kwa huruma, kama unamweleza ajuza. Mimi nilikuwa nacheka moyoni. Niliandika amri kama hizo kabla mama yako hajaota jino.

Kambi zilikuwa tatu, na nyapara wetu angesema kwamba kambi moja si ushahidi. Nikawatuma wanawake kambi nyingine: pimeni ufito wa huko kwa shubiri, mniletee hesabu. Wakaleta. Mmoja kumi, mwingine kumi na mbili, wa tatu akaapa ni kumi na tatu! Mbwana akasikia, akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Mikono yenu yenyewe haiafikiani, mtaafikiana nini?" Kosa lilikuwa langu. Nilitoa amri nikidhani kila mkono duniani ni mkono wangu. Ndilo kosa la msomi, na naona hata kompyuta hazijalitibu.

Usiku wa mawazo sikuuhitaji. Jibu lilinijia pale pale mtoni Pangani nikifua. Shubiri haina maana! Kipimo cha kulinganisha kimo ndani ya fito zenyewe. Nikakata nyuzi za katani tatu, kila mmoja sawasawa na ufito wa zamani. Kisha nikatunga amri kwa wasiojua kusoma, wakaziimba kama wimbo wa kutwanga: laza uzi juu ya ufito wao. Ukitosha, rudi nyumbani. Ukipungua, chukua kijiti, kikate sawa na urefu uliopungua. Pima kijiti hicho juu ya uzi. Kila kinapoingia, tia alama ya mkaa. Bado uzi upo? Rudia. Uzi umekwisha? Acha. Kila alama, fundo moja.

Wakarudi, mmoja mmoja. Mafundo kumi. Mafundo kumi. Mafundo kumi! Mikono mikubwa, mikono midogo, mwenye akili za haraka na mwenye kusahau, jibu moja: nyongeza ni sehemu moja ya kumi ya ufito wa zamani. Bi Mwanahawa alizihesabu kwa kupapasa, macho amefumba, akanishika mkono. Walituita manamba, sasa tulikuwa na namba yetu ya kuwajibu.

Mwezi ule ule ikasikika kwamba wajumbe wa baraza la mataifa, wanaokagua nchi zilizo chini ya udhamini, watashuka stesheni ya Korogwe. Nikazichana zile kurasa sita, nikaandika upya ukurasa mmoja. Nilisimama kwenye umati Zaina akiwa mgongoni. Askari akaninyooshea kirungu, "Wewe mama, rudi nyuma!" Bi Mwanahawa akamwambia, "Mpige basi, na wageni wako wanatazama." Akakishusha. Nikaukabidhi ukurasa wangu kwa mjumbe, mkono kwa mkono. Utaniuliza kama walinitetea, sijui. Ninachojua ni kwamba kabla ya mvua za vuli ufito wa zamani ulirudi, na hakuna aliyetuomba radhi. Radhi hiyo naidai mpaka leo.

Mwanangu, chukia dhuluma popote ilipo. Usiniletee ule upole wa kusema ya Waasia ni ya Waasia. Kamba ni moja. Lakini ukitaka kuivuta, shika ncha iliyo mkononi mwako. Mtu akikwambia "kidogo tu," muulize: kidogo mara ngapi, na pande zipi? Na ukiandika amri, mpe kwanza mtu mwenye mkono usiofanana na wako. Elimu isiyopita kwenye mkono wa Bi Mwanahawa bado haijasahihishwa.

Mungu akupe hasira isiyopoa na hesabu isiyokosea. Akizinyima zote mbili, akupe mzee wa kukucheka mapema. Nakala yangu ya malalamiko nakuachia. Ni hii:

*Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Mataifa.*
*Nakala: Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, Korogwe.*

*Yah: UFITO WA KUPIMIA NGWE*

*Sisi wanawake wa palizi wa kambi tatu, tuliotia dole gumba hapa chini, tunalalamika kwamba ufito umeongezwa sehemu moja ya kumi bila sisi kuulizwa. Ngwe hupimwa pande mbili. Kwa hiyo kila siku tano tunafanya kazi ya siku sita na kuzidi. Hatulalamikii kazi. Tunalalamikia siku ya sita, ambayo ilikuwa ya watoto wetu.*

*Tunaomba ufito wa zamani urudishwe na ulazwe mlangoni pa ofisi, kila mtu aupime. Tunaomba mwenye mtoto wa ziwa aruhusiwe kwenda kunyonyesha hata kama ngwe haijaisha.*

*Katani hii hufunga mizigo ya nchi zenu. Mnapoifungua, mjue urefu wake.*

*Kimeambatishwa: uzi mmoja, mafundo kumi. Asiyejua Kiswahili na ahesabu.*