Fartun, Mrudisha Majina ya Nyimbo za Harusi

Saa tisa alasiri, jua la Garissa likiwa bado kali, Fartun Abdikarim anaketi kando ya pazia la ukumbi mmoja mtaani Waberi, kipakatalishi magotini, roho mkononi. Ukumbi umejaa wanawake na moshi wa udi. Mwanamume hakanyagi hapa. Ndiyo maana mpiga muziki wa sherehe hizi lazima awe mwanamke, na ndiyo maana mwandishi wa makala haya naye aliingia bila kuulizwa swali.

Kinachomtisha Fartun leo si spika wala umeme. Ni mama wa bibi harusi, Mama Roda, aliyeketi safu ya mbele. Mara ya mwisho Fartun alipompigia mama huyu muziki, katika ukumbi huu huu, alitolewa nje kabla pilau haijapakuliwa.

"Walahi leo naogopa," ananong'ona huku akicheka kidogo. "Hata chai imenishinda."

Fartun, 31, amefanya kazi hii tangu amalize shule. Anazo nyimbo za dansi wanazopenda wasichana, lakini mali yake hasa ni buraanbur, mashairi ya Kisomali ambayo wanawake huyatunga na kuyaghani kwa ngoma na makofi. Kila harusi huzaa ya kwake, yenye jina la bibi harusi na sifa za ukoo anakoolewa. Fartun huyarekodi na kuyahifadhi, na familia ikimwita tena humwomba yale ya kwao.

Kisha kipakatalishi kikaanguka. Fundi aliziokoa faili zaidi ya elfu nne, ila majina yote yalifutika. Zilirudi na nambari tupu, buraanbur imechanganyika na dansi, mawaidha, na hata kilio cha mtoto wa mtu.

"Basi nikawa naonja tu," anasema. "Nasikia mwanzo kidogo, nasema hii ni ya fulani. Niliona hiyo inatosha."

Haikutosha. Siku ya harusi ya Maryan, binti mkubwa wa Mama Roda, upande wa bwana harusi uliomba buraanbur yao. Fartun akaonja faili moja, akasikia ukoo wa bwana harusi ukisifiwa, akaiachia. Ukoo ulikuwa wenyewe kabisa. Lakini faili ilikuwa ya harusi ya kwanza ya bwana huyo huyo. Ilipofika katikati ikaanza kumsifu Leyla, mke mkubwa, ikamwombea awe taa ya pekee ya nyumba ile.

Makofi yakakatika. Maryan akajifunika uso kwa shela.

"Nilitaka kuvunja hiyo mashini," Mama Roda anakumbuka. "Mtoto yangu ako na siku moja, na siku hiyo anaimbiwa mwanamke mwingine."

Garissa ni mji mkubwa, lakini habari ya harusi hufika hadi Banissa, mbali kule Mandera, kabla wageni hawajanawa mikono. Simu ya Fartun ikanyamaza. Kutoka shilingi elfu nane kwa sherehe, akawa anauza maziwa ya ngamia sokoni, siku njema akipata mia nne. Kilichomuuma zaidi, anasema, ni uso wa Maryan.

Aliyemwokoa ni jirani yake Risper, mwalimu wa kompyuta kutoka Homa Bay. Alimwonyesha kwamba ndani ya faili ya wimbo kuna nafasi za kuandika maelezo, yanayobaki hata jina la nje likifutika.

"Nilimwambia ni kama kushona jina la mtoto ndani ya sweta ya shule," Risper anasema. "Sweta iende itakakoenda, jina liko ndani."

Nafasi hizo zilikusudiwa msanii, albamu na aina ya muziki. Fartun alizigeuza. Penye msanii anaandika mghani, penye albamu bibi harusi, na penye aina ya muziki anaandika ruhusa, yaani nani anaweza kuisikia. Akajiwekea sharti moja: hakuna kuandika lebo kabla ya kusikiliza hadi mwisho. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka.

Sharti hilo ndilo lililomfikisha kwenye faili iliyoanza na aibu yake mwenyewe. Siku ile, wakati anatolewa nje, kinasa sauti chake kilibaki mezani kikiendelea kunasa. Kililetwa kesho yake, naye akazitupa faili zake kwenye lundo bila kuzisikiliza.

"Nilitaka kufuta," anasema. "Halafu nikasema, sharti ni sharti."

Baada ya kimya cha ukumbi ikasikika sauti ya mwanamke, bila ngoma. Alikuwa Kaaha, mama mdogo wa Maryan, amesimama akimtungia binti wa dadake buraanbur papo hapo, mpaka makofi yakarudi. Fartun hakuwahi kujua. Kaaha, ambaye sasa anafuga ngamia Kutulo, alipopigiwa simu hakukumbuka hata mstari.

"Ilikuja na hasira, ikaenda na hasira," alisema.

Fartun aliikata ile sehemu ya aibu, akaandika lebo, akaipeleka mwenyewe nyumbani kwa Mama Roda. Maryan aliisikiliza mara tatu, akalia, kisha akaomba chai. Baada ya miezi miwili Mama Roda alipiga simu: binti yake mdogo anaolewa.

Na ule wimbo wa Leyla? Fartun alimwendea pia, akamuuliza kama aufute.

"Akaniambia, 'Usifute, abaayo, dada yangu. Hiyo pia ilikuwa siku yangu.'" Penye ruhusa sasa pameandikwa: Leyla peke yake.

Ukumbini, wakati umefika. Siku hizi Fartun hampigii mtu buraanbur kabla mama wa bibi harusi hajaisikiliza yote. Anamnyooshea Mama Roda visikizi vya masikioni. Mama Roda anavipokea, anavitazama, kisha anamvalisha Fartun shingoni.

"Kama wewe umesikiza, mimi nisikize nini? Piga."

Anapiga. Buraanbur, iliyotungwa na kurekodiwa siku chache kabla, inafika katikati, jina la bibi harusi linatajwa, ni lenyewe, na vigelegele vinafunika spika. Fartun anashusha pumzi.

Faili kama elfu moja bado hazina majina. Akizimaliza, anataka kununua diski ya pili aihifadhi kwa Risper, kisha ampelekee kila bibi harusi wimbo wake mkononi, hata wale waliohamia mbali.

Anapoeleza hayo, Maryan anakuja pembeni ya pazia, mtoto mgongoni.

"Hii ikiisha, weka yangu."

"Leo si ya mdogo wako?"

"Yeye ndiye amenituma."

Fartun anaandika jina la Maryan penye kutafuta. Inatokea faili moja tu, ya Kaaha.