Duara Lisilo na Kibendera

Shangazi Verna alizaliwa kwenye kibanda cha mabati na magunia kambini pembeni mwa mji wa Perth, Australia, enzi ambazo sisi Wanoongar, wenyeji wa asili, hatukuruhusiwa kukaa mjini. Alifua nguo za watu, akalea watoto saba, wake wakiwa watatu tu. Kwa domo, hakuna aliyemweza isipokuwa mdogo wake, Noreen.

Kambi ile ilibomolewa zamani, lakini Shangazi hakuhama moyoni. Alitusimulia mkate wa majivuni na kodiani ya Jumamosi hadi tukawa tunavikumbuka sisi tusiokuwapo. Mwaka jana wakaja wajenzi wa nyumba, wakakubali kutuachia kipande kimoja tu cha ardhi, tuchague wenyewe. Shangazi alitaka pale palipokuwa na kibanda cha mama yake.

"Niketi penye jiko lake mara moja tu, ndipo mnizike," alisema.

Wanaakiolojia walikuwa wamechomeka vibendera kila walipookota kitu: kifungo, kigae cha sahani, mkono wa mwanasesere. Shangazi akavifuata asubuhi nzima, mimi nyuma na kiti chake. Kila penye vingi alitikisa kichwa. Mwishowe akafika pale alipokumbuka kuwa ndipo, akakuta duara tupu, lisilo na kibendera hata kimoja, akaanza kulia.

"Wamemfuta mama yangu. Hata kijiko hawakuniachia!"

Shangazi Noreen, aliyekuwa akinywa chai kando ya gari, akaangua kicheko.

"We Verna, umezeeka vibaya! Lini mama aliacha kijiko chini?"

"Niache, Noreen. Sina hamu ya utani."

"Utani gani? Nani alitutandika tukiacha hata gome la mti uwanjani? Si tulifagia kila alfajiri, nyoka akipita tuione njia yake? Taka tulizitupa kule, kwenye hivyo vibendera vyako unavyovililia!"

Shangazi Verna akavua viatu, maana bibi, mama yao, hakuruhusu uwanja wake ukanyagwe na viatu. Akaingia, akapiga magoti katikati, akafukua kwa vidole. Chini ya mchanga palikuwa na majivu.

"Ni hapa," akasema. "Pigeni uzio."

Nikamwekea kiti. Akakikataa, akavunja tawi la mkalitusi.

"Kwanza nifagie. Unataka mama anikute nimekaa kwenye uchafu?"

Noreen akaacha kucheka. Akavua viatu vyake, akaenda kuvunja tawi lake.