Marehemu Aliyesamehewa na Mtaa Mzima

Nilimwonea wivu maiti. Neno hili naliandika hivyo hivyo lilivyo, maana nimejaribu kulipamba na halipambiki. Siku alipokufa yule mwimbaji, watu wakilia kila kona ya mji, mimi nilikuwa na wivu, tena ule wivu wa kununa na kubamiza milango.

Habari ilinikuta kazini, Keko. Nashona makava ya makochi kwenye kibanda kilichobanwa katikati ya mafundi seremala wawili, na kwa miaka yote niliyokaa pale sijawahi kusikia randa yao ya umeme ikinyamaza mchana kwa sababu ya msiba. Haikunyamaza mwenye kiwanja alipofariki. Haikunyamaza siku niliyotoka pale mbio, ushungi mkononi, baada ya kupigiwa simu kwamba mdogo wangu wa kiume amekata roho. Siku ile fundi mmoja alinipa pole kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshikilia ubao. Sasa habari ya mwimbaji ilipofika, fundi yule yule alizima mashine, akakaa juu ya kochi ambalo halijavalishwa kitambaa, akashika kichwa.

"Sista, braza katutoka," akaniambia.

Braza! Mtu ambaye hakuwahi kumwona ila kwenye simu.

Mwimbaji mwenyewe hakuna ambaye hakumjua. Harusi ilikuwa haijawa harusi mpaka wimbo wake upigwe, na wanawake wa rika langu wote tumewahi kuimba maneno yake tukiwa tunafua. Halafu unga wa kulevya ukamchukua. Akapelekwa soba, zile nyumba za kuwasaidia watu waache, akatoka amenenepa, akapigwa picha, akarudia. Akapelekwa tena, akarudia tena. Miaka ya mwisho watu walikuwa wakimpiga picha kwa siri Kinondoni, amevaa koti kwenye joto, na kurushiana kwenye simu wakimcheka. Hao hao ndio waliokuwa wanalia sasa.

Nilirudi nyumbani Temeke mapema. Nyumba yetu ni ya mama, vyumba vyake viwili na vingine vya wapangaji, na ukuta mmoja tumeungana na jirani anayeuza vitumbua. Nilimkuta jirani huyo barazani kwake, kanga kichwani, macho mekundu, redio inapiga nyimbo za marehemu mfululizo.

"Shoga, yule alikuwa mgonjwa," akaniambia kabla hata sijamsalimu. "Unga ni ugonjwa. Watu hawaelewi tu."

Mgonjwa. Nilisimama pale na kapu langu la vitambaa, nikahisi damu inanipanda. Mdogo wangu alitumia unga huo huo, kwa miaka saba, kwenye mtaa huu huu, na sijawahi kusikia mtu anamwita mgonjwa. Alikuwa teja. Teja kapita, teja karudi, anikeni nguo mnapoziona, teja yupo. Jirani huyu huyu alimwita hivyo mama akiwa amekaa hatua tatu kutoka pale, na akawafundisha wajukuu zake kukimbilia ndani wakimwona. Leo kajifunzia wapi neno mgonjwa?

"Pole," nikamwambia, nikaingia ndani nikaubamiza mlango.

Siku mbili zilizofuata mtaa ulifanya kazi ya kumsimulia. Na hapo ndipo wivu ulipokomaa, kwa sababu walikuwa wakisimulia makosa yake huku wanacheka kwa mapenzi. Ati aliwahi kusinzia jukwaani, watu wakamwimbia wimbo wake mwenyewe mpaka akaamka. Ati alialikwa kwenye harusi ya mtu, akafika wamekaribia kutawanyika, ana kiatu kimoja, akaimba wimbo mmoja, na alipoondoka ikaonekana simu ya baba wa bwana harusi nayo imeondoka. "Msanii yule!" wakasema, wakajifuta machozi ya kicheko. Mdogo wangu alipoondoka na simu ya mtu, alirudishwa kwa mama amechanika sikio.

Nikaanza kulinganisha kila kitu, kama mke mwenza anayehesabu siku za zamu. Kwake waliweka picha yake kwenye simu zao, kwetu hakuna aliyeuliza kama tuna picha. Kwake fulana zilichapwa sura yake. Kwetu viti vya plastiki tulivyoazima vilibaki vimepangwa kimoja juu ya kingine kama mnara, havikushushwa hata nusu, na wali tuliopika kwa ajili ya watu tuliula sisi wenyewe, asubuhi na jioni, mpaka ukachacha.

Lazima niseme na upande wa pili, maana sitaki mtu adhani nilikuwa na ndugu malaika. Mdogo wangu aliiba. Alianza na sufuria za jirani, zote, hata ile ya kuchemshia maji ya kuoga. Akaja kwenye doti ya kanga ya mama, mpya, haijakatwa wala kupindwa. Mwisho akaja kwangu. Nilikuwa na cherehani ya miguu aliyoninunulia marehemu baba nilipomaliza la saba, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale mkono wangu unapopita. Siku moja niliingia kuoga, nikatoka, nikakuta amefungua skrubu na kuondoka na kichwa cha cherehani. Aliniachia meza na pedali.

Hakukataa. Jioni alisimama kwenye mlango wa chumba cha mama, mikono imemvimba kwa sindano kama maandazi, akasema, "Dada, ntakurudishia."

"Wewe kwangu umeshakufa," nikamjibu.

Niliazima cherehani ya watu na kushona usiku na mchana kwa hasira. Yeye, baada ya miezi kadhaa, akaanza kwenda hospitali kila asubuhi kunywa ile dawa ya kuachia unga. Alikwenda kwa miguu, hakukosa. Akaanza kula. Akaanza kuosha vyombo uani bila kuambiwa, akiimba nyimbo za huyo huyo mwimbaji, maneno akiyakosea yote. Na kila asubuhi akipita mlangoni kwangu alisema, "Shikamoo, dada."

Sikuitikia. Hata siku moja. Mama alikuwa akisikia kila kitu kutoka chumbani kwake, shikamoo inakwenda na hakuna kinachorudi, na hakuwahi kuniambia neno. Nilikuwa najiambia, acha anyooke kwanza, nitamwitikia siku nikiona kweli kanyooka. Kifua kikamwahi. Kilimlaza wiki mbili.

Siku ya kumzika, jeneza likiwa limewekwa uani, wanaume wachache wamesimama na sisi wanawake tumekaa ndani, madirisha wazi, shehe aliuliza kama inavyoulizwa kwenye kila maziko.

"Ndugu zangu, huyu mmeishi naye. Pale alipowakosea, mmemsamehe?"

Mnajua jibu linavyotakiwa kuja. Linakuja kwa pamoja, hata kwa mtu ambaye nusu ya waliopo hawamjui. Kwetu halikuja. Nilisikia mtu anakohoa. Nikamwona jirani yangu anaangalia kucha zake. Shehe akauliza tena, na safari hii ikatoka sauti moja, ya mwanamke, kutoka ndani tulipokaa.

"Nimemsamehe."

Ilikuwa ya mama. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akakibana. Alikuwa ananisubiri. Nikaangalia mkeka. Nilikuwa naiona meza yangu ya cherehani, haina kichwa, na sikufungua mdomo. Shehe alipouliza mara ya tatu baadhi ya wanaume walinong'ona kitu, kwa kumwonea mama huruma nadhani, mdogo wangu akabebwa.

Baadaye nikamsikia mama akiwaeleza ndugu waliotoka Bagamoyo. "Mwanangu huyu alilia mpaka sauti ikamkauka. Hata kujibu alishindwa, maskini." Mimi sikuwa nimelia. Lakini uongo ule ulinifaa, nikauacha pale pale, na kwa miaka miwili tumeishi nao kama mpangaji asiyesumbua. Na nilipowahesabu watu waliomnyima mdogo wangu msamaha, nilihesabu mtaa mzima nikajiruka mwenyewe.

Sasa maziko ya mwimbaji yalionyeshwa kwenye televisheni. Jirani alivuta waya, akaitoa televisheni yake barazani, na wanawake wakaja na mikeka kana kwamba msiba uko pale. Mama naye akabebewa kigoda chake. Alimpenda yule mwimbaji, sijui kwa sauti yake au kwa sababu ya yule aliyekuwa akizikosea nyimbo zake uani. Mimi nilikaa pembeni kabisa, nashona zipu ya kava kwa mkono, ili kila mtu aone kwamba nina kazi yangu na sipo msibani.

Lakini macho yalikuwa kwenye kioo. Nilihesabu maturubai, nikafika tisa, kamera ikahama. Watu walikuwa juu ya ukuta, juu ya magari. Mjukuu wa jirani aliuliza kama yule ni rais, na mimi nikasema kwa sauti, "Hapana, ni teja." Wanawake wakageuka. Mama aliendelea kuangalia mbele.

Kisha shehe wa huko akashika kipaza sauti. "Ndugu zangu, mmeishi na marehemu. Mmemsamehe?"

"Tumemsamehe!"

Ule mngurumo ulitikisa spika. Na barazani wanawake wote waliitikia, jirani yangu akiwa wa kwanza, mkono juu kabisa. Roho iliniuma mpaka nikaacha sindano.

"Mbona unamjibia haraka hivyo?" nikamwuliza. "Huyu kakukosea nini wewe?"

Alinigeukia. Hakuwa na shari, ndilo lililonichoma zaidi.

"Hajanikosea kitu, shoga. Ndo maana neno lanitoka. Ndugu yako alibeba sufuria zangu zote, nikawa naomba kwa watu mwezi mzima ka' mgeni. Mie sina roho ya chuma, lakini siku ile lilinikwama. Nisamehe na mie."

Nikaishika tena sindano. Kwenye televisheni, wakati shehe anatulia kidogo, waliweka kipande cha mwisho kilichopigwa marehemu akiwa hai. Amekaa kitandani, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, anajaribu kuwapungia watu. Kamera ikasogea kwenye mkono. Ulikuwa umevimba, vidole vimejaa, ngozi inang'aa, hauna mfupa unaoonekana. Mkono ule niliujua. Uliwahi kusimama mlangoni kwa mama, nikauambia umekufa.

Shehe akauliza mara nyingine. "Mmemsamehe?"

"Tumemsamehe!"

Ile sauti iliyokuwa juu ya wote barazani ilikuwa yangu. Sikuipangia, ilitoka tu, kubwa, safi, mpaka watoto wakacheka. Nilimsamehe mtu ambaye hakuwahi kuingia kwetu, hakuwahi kugusa hata pini yangu, na lilikuwa jambo jepesi kama kupiga chafya.

Mama aligeuka juu ya kigoda chake taratibu, akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu, kama mtu anayekagua mshono.

"Kumbe sauti unayo," akasema.

Hakusema kwa hasira. Aliinuka, akashika ukuta, akaingia ndani, hakungoja kuona jeneza likibebwa. Wanawake wakajisogeza kujaza nafasi yake. Nilikunja kava langu na kumfuata.

Nilimkuta amekaa kitandani. Nikasimama mlangoni, pale pale aliposimama mwanawe na mikono yake, na nilikuwa nimelishika neno tayari, neno lenyewe moja tu, nimemsamehe, la mdogo wangu, lililochelewa miaka miwili. Nikafungua mdomo. Huko nje walikuwa wameanza kupiga wimbo wa marehemu na jirani anaufuatisha.

Sauti haikutoka. Safari hii ilikuwa imekauka kweli.

Mama alinisubiri. Kisha akavuta rundo la nguo zilizoanuliwa, akaanza kuzikunja.