Maki Taimu

Jirani ameanika ngoma ya shule juani, na harufu ya ngozi ya mbuzi imenifuata mpaka sebuleni. Mabega yameanza kuniuma.

Nilipokuwa mtoto, bendi yetu ya shule ilitoka Tororo kwa basi, ikapiga mjini Busia mpaka kwenye kizuizi cha mpaka wa Uganda na Kenya. Ngoma kubwa nilifungwa mimi kifuani, kwa mikanda ambayo mwalimu pekee ndiye aliyeweza kuifungua. Pale akaamuru, “Maki taimu,” yaani tukanyage palepale bila kusonga, akaenda kuongea na askari.

Ng’ambo ya kizuizi nikamwona mama, aliyekuwa amerudi kwao Kenya baada ya kuachana na baba. Akatua kikapu cha omena, wale dagaa wa ziwani.

“Kuja basi, mwanangu. Kuja nikuone.”

Miguu yangu ilikuwa inaenda. Magoti yalipanda, vumbi likapanda, na mimi nipo palepale. Ningeacha kupiga, bendi nzima ingepotea hatua. Mama alitabasamu, akidhani nakuja. Akangoja. Mwishowe lori la sokoni lilipiga honi, akajitwika kikapu chake, akalifuata.

Mwalimu aliporudi, alitutazama kwa furaha.

“Muzuri sana,” akasema. “Hakuna hata moja amesonga.”