Nguo Mbili za Kitenge Kimoja

"Esperance anaolewa," alisema Bibi Maimunah, mikono ikiwa ndani ya beseni la nguo. "Na sisi majirani hatukuambiwa."

Ushahidi wake ulikuwa kamba ya kuanikia. Zilining'inia pale nguo mbili za kitenge kimoja, manjano yenye ndege wa buluu, mshono mmoja. Kwa Bibi, wanawake wawili hawavai sare bure: mmoja ni bi harusi, mwingine msimamizi wake.

Mwanawetu, aliyekuwa akimnyonyesha Sundus kizingitini, alicheka. "Bwana harusi yuko wapi, Bibi?"

"Wakongomani wale! Mume watamtoa hata sandukuni. Nenda ukamuulize, wewe mnasikilizana."

Mwanawetu yeye alikuwa ameona jambo lingine. Esperance husuka watu nywele kando ya barabara hapo Kawempe, na kazi yake haiendi bila kuimba. Sasa ilikuwa siku ya tatu haimbi. Tena, kila mwaka siku kama hizi chumbani kwake wanawake wenzake wa Bukavu hutwanga sombe, yale majani ya muhogo, kinu kikisikika mpaka msikitini. Mwaka huu kinu kilikuwa kimefunikwa mlangoni.

Jioni, nguo zilipoanuliwa, akambeba Sundus mgongoni akaenda.

Alimkuta Esperance akipiga pasi ya mkaa. Aliposikia habari za harusi yake, Esperance alicheka mpaka akaiweka pasi chini. "Mama Sundus, nani anioe mimi na miguu hii? Kesho ni tarehe thelathini Juni. Uhuru wa Kongo."

Akaeleza. Kwao, siku hiyo wanafunzi, wauguzi, wamama wa sokoni, kila kundi huvaa sare yake na kupita barabarani kwa gwaride. Wanaiita defile. Walipokimbilia Kampala, yeye na wenzake kumi walikubaliana wasiiache. Kila mwaka wakashona kitenge kimoja, wakaandamana kutoka bombani hapo uani mpaka getini, kisha wakala. Baadaye ofisi ya wakimbizi ikaanza kuwaita mmoja mmoja wapande ndege, huyu Kanada, yule Australia. Mwaka jana walibaki wawili, yeye na Monique. Jumatatu iliyopita Monique naye alikwenda, nguo yake ikiwa bado kwa fundi.

"Si uvae yako tu, uandamane?"

"Mtu mmoja hafanyi defile. Huyo anakwenda sokoni." Safari hii hakucheka. "Na nikiruka mwaka huu, mwaka kesho sitanunua kitambaa. Ninajijua. Nitakuwa nimeacha, basi."

 Mwanawetu akaishika nguo ya Monique ikiwa bado na joto la pasi. Ilikuwa pana, wangeingia watu wawili kama yeye. Sundus akanyoosha mkono kutoka mgongoni, akaivuta na kuanza kutafuna ndege mmoja wa buluu. Mama yake akataka kumnyang'anya.

"Mwache," Esperance alisema. Akatazama mate yakilowesha kitenge alichokwisha kukipiga pasi, kisha akamtazama mama mtu.

"Nivalie hiyo kesho, Mama Sundus. Ni bombani mpaka getini tu, na mtoto abaki hapo hapo mgongoni. Ila uanze na mguu wa kushoto."