Nilipotoka Kwenye Kundi la Ukoo

Walisema sitaweza. Baba mdogo alisema jua la Koboko, huko mpakani mwa Uganda, litakunywa mtaji wangu wa barafu kabla mteja wa kwanza hajafika. Rafiki niliyesoma naye shule ya msingi Ediofe alisema mtu aliyekaa Kenya miaka yote ile amezoea kuajiriwa, hawezi kujisimamia. Jirani yangu wa Awindiri, mtaani kwetu Arua, alicheka tu, na kicheko hicho ndicho kilichoniuma.

Nilikuwa nimerudi na diploma ya ufundi wa majokofu, niliyoipata Nakuru kwa kubeba nyama mchana na kusoma jioni. Hakuna aliyenilipia ada hata shilingi. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ni kweli. Mashine ya barafu niliiunda mwenyewe nyuma ya nyumba niliyopanga Awindiri, kwa vyuma chakavu na kompresa za mtumba. Kisha nikaipakia kwenye lori, ikiwa haijakamilika, mpaka Koboko, karibu na soko, mahali ambapo wanawake wanaopeleka samaki Sudan Kusini walikuwa wakiwafunika kwa magunia yenye maji na kumwachia Mungu yaliyobaki.

Pesa za kumalizia mashine sikuwa nazo, wala shamba la kuweka dhamana. Nikaomba kwenye kundi la ukoo, lile la kwenye simu. Kundi hilo lilianzishwa kwa ajili ya misiba: nani amefariki, mwili unafika lini, nani analeta sufuria. Jamaa kadhaa walinikopesha. Shangazi yangu wa kijijini Midia, dada wa marehemu baba, alitoa kuliko wote, pesa za mihogo yake ya msimu mzima. Mfanyabiashara mmoja wa samaki, mama wa Sudan Kusini anayeishi Koboko, alinilipa mapema barafu ambayo bado ilikuwa maji. Nikamwingiza naye kundini, na ukoo haukulalamika.

Tangu hapo nikawa mtu wa picha. Kila Ijumaa niliweka picha ya kazi ilipofikia. Bonge la kwanza la barafu lilipotoka, nilipiga picha nimelibeba kama mtoto mchanga. Kisha nikaanza kuweka na mengine, tena hadharani, kwa kila mwenye simu: mwanangu na sare yake ya shule, geti letu la buluu, mimi barabarani asubuhi, “Naelekea Koboko, Mungu ni mwema.” Watu walisifu. Nilipenda kusifiwa, na nilistahili.

Siku moja mke wangu alipigiwa simu na sauti asiyoijua. Mtu huyo alisema nimepata ajali njiani nikielekea Koboko, nimelazwa, daktari anataka pesa kabla ya kunigusa. Mke wangu alipositasita, akaambiwa rangi ya geti letu na shule ya mtoto. Akaanza kulia na kutafuta pesa. Bahati nzuri nilimpigia dakika hiyo hiyo kumuuliza kuhusu gesi ya jikoni.

Msomi hangoji kuonywa mara mbili. Jioni ile nilifuta picha zote, nikafunga kurasa zangu, nikatoka kwenye kila kundi bila kuaga, na kununua laini mpya ambayo namba yake nilimpa mke wangu peke yake. Nililala vizuri. Nilijiona mtu pekee mwenye akili katika mkoa wetu mzima wa West Nile.

Lakini katika kundi letu mtu hatoki hivi hivi. Aliyekufa huondolewa baada ya matanga. Anayetoka mwenyewe ama amegombana na ukoo, ama ametoroka. Na kutoroka kutoka Koboko si kazi: Kongo iko upande huu, Sudan Kusini upande ule. Jambo hilo nililijua tangu utotoni, na bado halikunijia kichwani.

Nilipofika Koboko wiki iliyofuata, nilimkuta shangazi ameketi juu ya mashine yangu, miguu haigusi chini. Yule mama wa samaki alisimama kando yake. Mlangoni kulikuwa na toroli na vijana wawili wenye kamba, tayari kuiondoa mashine.

Ugomvi wa Koboko hufanywa kwa Kiswahili, ili pande zote zielewe.

“Shangazi, habari?”

“Habari gani? Wewe si iko Kongo?”

“Niko hapa mbele yako.”

“Simu inasema umetoka.”

“Nimetoka kwenye kundi tu, shangazi.”

“Mutu anatoka kwa kundi, anaenda wapi?”

Mama wa samaki alipiga makofi. “Mimi nilitetea wewe, fundi. Nilisema huyu iko na diploma, hawezi kimbia. Kumbe diploma nayo iko na miguu!”

Vijana wenye kamba walicheka. Nikawaeleza habari ya mwizi, geti na mtoto. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akamlaani mwizi huyo vizuri sana, lakini hakushuka.

“Benki inashika shamba ya mutu,” alisema. “Mimi nilishika nini? Nilishika sura yako. Kila Ijumaa naona wewe na barafu, nalala. Sasa sura hakuna. Nilale na nini?”

Nilikuwa nimemficha mwizi mmoja mlango wangu, na kila aliyeniamini pia. Nilitoa simu, nikaomba nirudishwe, na shangazi alisubiri pale juu mpaka jina langu likaonekana kundini. Kisha akanyoosha mkono nimsaidie kushuka.

Nilirudi kwa masharti yangu. Mtoto haonekani tena, geti limepakwa rangi nyingine, na safari naisema nikisharudi. Lakini mashine na uso wangu vilionekana kila Ijumaa, na wateja wakaongezeka. Barafu yangu sasa inavuka mpaka kabla ya jua kupanda.

Mwaka huu nililipa wote. Nilianza na jamaa wa Arua, nikaja kwa mama wa samaki, ambaye alikataa sehemu ya mwisho na kutaka barafu. Siku hiyo hiyo nikapanda bodaboda mpaka Midia. Shangazi alihesabu noti zake polepole, akazifunga kwenye kitambaa. Nikainua simu nimpige picha kwa ajili ya kundi.

Alifunika uso kwa mikono miwili.

“Wacha hiyo! Watu watajua niko na pesa.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaandika kundini neno moja, “Nimemaliza,” nikarudisha simu mfukoni, na shangazi akanipa maji ya kunawa tule.